Carl Stotz: aliyeupima uwanja kwa mkono wa mtoto

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Agosti, timu za watoto wenye umri usiozidi miaka 12 hukusanyika katika mji mdogo wa South Williamsport, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kuwania ubingwa wa dunia wa mchezo wa besiboli. Mechi zao hutangazwa kwenye televisheni, na majukwaa hujaa watu.

Ng'ambo ya pili ya mto Susquehanna, katika mji wa Williamsport, kuna kiwanja kingine, kidogo na cha zamani zaidi. Kiwanja hicho kimepewa jina la Carl Stotz, mtu aliyeianzisha ligi hiyo ya watoto, Little League, mwaka 1939. Miaka 17 baadaye alitengana nayo, na hakurudi tena kuiongoza.

Habari za maisha yake ni habari za wazo moja jepesi: kwamba mtoto hawezi kujifunza kurusha na kudaka mpira katika uwanja uliopimwa kwa ajili ya watu wazima.

Mipira iliyofungwa utepe

Carl Edwin Stotz alizaliwa Williamsport tarehe 20 Februari 1910. Mji huo ulikuwa umejipatia utajiri katika karne ya 19 kutokana na biashara ya mbao, na kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Marekani wakati huo, besiboli ndiyo iliyokuwa burudani ya kila mtu.

Kila mtu, isipokuwa watoto wadogo. Wao walicheza kwa masalio. Mpira uliochakaa hata ngozi yake ikabanduka ulizungushiwa utepe na kuendelea kutumika. Gongo lililovunjika mikononi mwa mtu mzima lilipigiliwa misumari na kukabidhiwa mvulana ambaye hakuwa na nguvu ya kulizungusha. Na pale vijana wakubwa walipofika kiwanjani, wadogo walisogezwa pembeni wakasubiri zamu ambayo mara nyingi haikufika.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Aliyecheza kandanda kwa mpira wa matambara anajua jinsi mdogo kuliko wote alivyowekwa golini, au alivyotumwa kuufuata mpira ulipotokomea vichakani.

Stotz aliyakumbuka mambo hayo alipokuwa mtu mzima. Alioa, na yeye na mkewe Grayce wakajaliwa mabinti wawili. Hakuwa na mtoto wa kiume, lakini alikuwa na wapwa wawili, Jimmy na Harold Gehron, mmoja akiwa na umri wa miaka sita na mwingine minane, na jioni za kiangazi alipenda kurushiana nao mpira nyuma ya nyumba.

Kisiki uani

Siku moja ya mwezi wa Agosti 1938, katika mchezo huo wa kurushiana, mpira ulimpita. Stotz aliukimbilia, akajigonga kifundo cha mguu kwenye kisiki chenye ncha kali cha kichaka cha maua kilichokuwa kimekatwa. Maumivu yalimlazimisha kuketi kwenye ngazi za jirani.

Akiwa ameketi hapo aliwauliza wapwa zake kama wangependa kucheza katika timu ya kweli, yenye sare, mipira mipya na magongo ambayo mikono yao ingeweza kuyazungusha. Watoto walitaka kujua wangecheza dhidi ya nani, kama watu wangekuja kuwatazama, na kama bendi ingepigwa.

Mjomba wao aliwapa ahadi. Katika miaka iliyofuata, kila alipotakiwa kueleza asili ya Little League, aliirejea ahadi hiyo, na kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1992 kilibeba jina linalohusu ahadi iliyotimizwa.

Tatizo la umbali

Ili kuelewa alichokifanya Stotz, ni vyema kwanza kuufahamu mchezo wenyewe. Katika besiboli mrushaji humtupia mpira mpigaji, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akifanikiwa, hukimbilia kituo cha kwanza kati ya vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba. Wapinzani waliotawanyika uwanjani huukamata mpira na kuurusha upesi kwa mwenzao anayelinda kituo hicho. Mpira ukimtangulia mkimbiaji, mkimbiaji ametoka. Mkimbiaji akiutangulia mpira, amenusurika.

Utamu wote wa mchezo umo katika mashindano hayo ya nukta chache kati ya mguu na mkono.

Kwa watu wazima, kutoka kituo kimoja hadi kingine ni futi 90, yaani zaidi kidogo ya mita 27. Mrushaji husimama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji. Vipimo hivyo vimewafaa watu wazima tangu karne ya 19, kwa kuwa mtu mzima akiudaka mpira vizuri na kuurusha vizuri, humtoa mkimbiaji kwa hatua moja hivi.

Mtoto wa miaka minane hawezi. Aking'ang'ana kuurusha mpira umbali huo, utadunda mara mbili au tatu njiani na kufika mkimbiaji akiwa amekwisha simama kituoni. Hivyo hata akifanya kila kitu sawasawa, anashindwa. Baada ya muda anaamini kuwa kosa ni lake.

Stotz aliona kuwa kosa si la mtoto bali ni la uwanja. Aliwakusanya watoto wa mtaani katika bustani ya mji, akatandika magazeti mahali pa vituo, akawaagiza wengine wakimbie na wengine warushe. Kisha akayasogeza magazeti na kuwaagiza warudie. Alikuwa akitafuta umbali ambao mvulana akiudaka mpira bila kosa na kuurusha bila kosa, angemtoa mkimbiaji kwa hatua moja tu, kama watu wazima wanavyofanya.

Umbali aliofikia ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo, theluthi mbili ya uwanja wa watu wazima. Umbali wa mrushaji nao ulipunguzwa, na baada ya miaka ya majaribio ukawekwa kuwa futi 46, karibu mita 14.

Kurusha na kudaka

Uwanja ulipofupishwa, mafunzo nayo yaliweza kuwa na maana. Mwalimu angeweza kumfundisha mtoto namna bora ya kurusha akijua kuwa mtoto ataona tunda lake papo hapo.

Mambo ya msingi yanayofundishwa katika ligi za watoto ni machache, na mengi yanakwenda kinyume cha anachokifanya mtoto akiachwa peke yake. Mtoto asiyefundishwa hurusha akiwa amemkabili mwenzake kifua kwa kifua, kiwiko kikiwa chini, mpira ukisukumwa badala ya kurushwa. Hufundishwa kusimama ubavu, bega la mkono usiorusha likielekea anakolenga. Hufundishwa kukinyanyua kiwiko hadi usawa wa bega na kupiga hatua kwa mguu ulio kinyume na mkono unaorusha. Nguvu hutoka miguuni na kiunoni, na mkono ndio unaomalizia, hata baada ya mpira kuondoka.

Hata kuushika mpira kuna taratibu zake. Mtu mzima huuwekea vidole viwili juu na kidole gumba chini. Kiganja cha mtoto hakitoshi, kwa hiyo huruhusiwa kuongeza kidole cha tatu, mradi mpira ushikwe kwa vidole na usizame kiganjani.

Kudaka ni kugumu zaidi, kwa sababu kuna hofu ndani yake. Mpira wa besiboli ni mgumu, na mtoto aliyewahi kugongwa usoni hufumba macho na kugeuza kichwa pale hasa anapotakiwa kutazama. Ndiyo maana wengi huanzishiwa mpira laini, bila glavu, kwa hatua chache tu, na kila wanapofaulu hurudi nyuma hatua moja.

Hufundishwa pia kwamba mpira unaokuja juu ya kiuno hupokewa vidole vikielekea juu, na ule wa chini ya kiuno hupokewa vidole vikielekea ardhini. Mikono miwili hutumika daima: mmoja hupokea, wa pili hufunika.

Aliyecheza rede utotoni, au kriketi katika mitaa ya Mombasa na Muscat, ataona kuwa haya si mageni kwake. Tofauti ni kwamba besiboli hudai yote mawili kwa mpigo mmoja: kudaka, kugeuka na kurusha, huku mkimbiaji akihesabu hatua zake.

Dola 30

Uwanja ulikuwapo na watoto walikuwapo. Kilichokosekana ni fedha. Marekani ilikuwa bado haijatoka kikamilifu katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, na Stotz hakuwa tajiri. Alizunguka mjini akibisha katika milango ya wafanyabiashara, akiomba kila mmoja aidhamini timu moja ya watoto.

Alikataliwa zaidi ya mara hamsini. Hatimaye kampuni ya maziwa ya Lycoming Dairy ilikubali kutoa dola 30. Zikafuatia kampuni ya mbao ya Lundy na watengenezaji wa vitafunio wa Jumbo Pretzel. Timu tatu zikapatikana, na pamoja na ndugu wawili, George na Bert Bebble, Stotz akachukua jukumu la kuzinoa.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Juni 1939. Timu ya Lundy iliifunga Lycoming Dairy kwa mikimbio 23 dhidi ya 8. Ni matokeo yanayoonyesha kuwa kudaka kulikuwa bado ni shida, lakini watoto walikuwa na sare, na watu walikuja kutazama. Kabla ya msimu kumalizika, walioshindwa siku ile ya kwanza ndio waliotwaa ubingwa.

Ligi yakua kuliko mwanzilishi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilichelewesha kuenea kwa wazo hilo. Hadi mwaka 1946 zilikuwapo ligi 12 tu, zote ndani ya Pennsylvania. Mwaka 1947 ilianzishwa ya kwanza nje ya jimbo hilo, mjini Hammonton, New Jersey, na mwaka huo huo Stotz akaandaa mashindano ya kwanza ya kuzikutanisha ligi mbalimbali. Mabingwa walitoka Williamsport penyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1948 ligi zilifika 94, na mwaka 1949 zikawa 307. Wazazi waliorudi kutoka vitani walikuwa na watoto, vitongoji vipya vilikuwa vikijengwa, na kila kitongoji kilitaka kiwanja chake.

Ukuaji huo ulihitaji fedha ambazo dola 30 za muuza maziwa hazingeweza kuzitosheleza. Kampuni kubwa ya mpira, U.S. Rubber, ilijitokeza kuwa mdhamini. Ushirikiano huo ulizaa viatu vya watoto vyenye njumu za mpira badala ya zile za chuma zilizokuwa zikijeruhi. Lakini pia ulileta bodi, ofisi na wakurugenzi. Mwaka 1952 uongozi wa juu ulichukuliwa na Peter McGovern, afisa kutoka kampuni hiyo, na Stotz akabaki na cheo cha kamishna.

Waliobaki nje ya ua

Pamoja na sifa zote anazostahili Stotz, ligi aliyoianzisha haikuwa ya watoto wote. Ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1950, msichana aitwaye Kathryn Johnston wa mjini Corning, New York, alikata nywele zake, akajipa jina la kiume na kuingia katika timu. Alicheza vizuri. Mwaka uliofuata iliandikwa kanuni iliyowapiga wasichana marufuku waziwazi, na kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1974, ilipovunjwa baada ya mashauri mahakamani. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2014, Mo'ne Davis akawa msichana wa kwanza kushinda mechi ya fainali hizo akiwa mrushaji.

Mwaka 1955 ulileta aibu nyingine. Huko Charleston, South Carolina, timu ya watoto weusi ya Cannon Street YMCA iliingia mashindanoni, na timu zote za wazungu katika jimbo hilo zikajitoa kuliko kukutana nayo uwanjani. Watoto hao wakawa washindi bila kucheza. Kisha wakaambiwa kuwa, kwa sababu hawakushinda kwa kucheza, hawawezi kuendelea katika hatua ya juu.

Walialikwa Williamsport kama wageni. Walikaa jukwaani, wakawatazama wenzao wakirusha na kudaka, huku watazamaji wakipaza sauti kutaka watoto hao waruhusiwe kucheza. Hawakuruhusiwa. Ni mwaka 2002 tu, wakiwa watu wazima wenye mvi, walipokabidhiwa bendera ya ubingwa wa jimbo lao.

Kutengana

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1955 mgogoro kati ya Stotz na wakuu wa shirika ulifika mahakamani. Yeye aliona kuwa ligi ilikuwa imegeuka chombo cha biashara na matangazo. Alitaka ligi za mitaani, yaani wazazi na walimu waliokuwa wakichora mistari ya chokaa kwa mikono yao, wawe na kauli katika uongozi. Alihofia pia kuwa mashindano makubwa ya mwisho wa mwaka, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyabuni, yalikuwa yakiufunika mchezo wa kila siku wa watoto wa kawaida.

Wakuu waliona tofauti. Kwao, shirika lenye maelfu ya timu halikuweza tena kuendeshwa kama shughuli ya mtu na majirani zake.

Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1956, na Stotz akaondoka. Jina Little League lilibaki kwa wenye shirika. Mwaka 1959 mashindano ya dunia nayo yalihamishwa kutoka katika kiwanja chake cha zamani hadi katika uwanja mpya, ng'ambo ya mto.

Wengi wangeutumia muda uliosalia kulalamika. Stotz alirudi alikoanzia. Katika kiwanja cha zamani aliendelea na watoto wa mtaani, katika ligi iliyojiita ya asili, nje ya shirika alilolianzisha. Bila televisheni na bila bendi, walifundishwa kusimama ubavu na kudaka kwa mikono miwili.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Stotz alicheza kwao maisha yake yote, lakini tuzo kwa miaka mingi iliwaendea wengine.

Hadi Lugazi

Wakati huo vipimo vyake vilikuwa vikisafiri. Mwaka 1957 watoto wa Monterrey, Mexico, wakawa wa kwanza kutoka nje ya Marekani kuutwaa ubingwa. Mwaka 1967 ulikwenda Japani, na mwaka 1969 Taiwan, ambayo ilikuja kuutwaa mara nyingi. Katika Ghuba, watoto wa wafanyakazi wa mafuta wa Dhahran, Saudi Arabia, walikuwa wageni wa kawaida wa fainali hizo.

Afrika Mashariki ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala iliifunga timu ya Saudi Arabia na kushinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, yaliyofanyika Poland. Furaha haikudumu. Watoto hao walinyimwa viza za kuingia Marekani kwa sababu ya hitilafu katika nyaraka zao. Timu ya Canada iliyotarajiwa kupambana nao ilifunga safari hadi Uganda mwezi wa Januari 2012 ili mechi hiyo ichezwe, na Waganda wakashinda.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, watoto wa Lugazi, mji wa mashamba ya miwa mashariki ya Kampala, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali hizo. Waliwafunga watoto wa jimbo la Oregon kwa mikimbio 3 dhidi ya 2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliishinda Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo besiboli kwake ni kama kandanda kwetu.

Stotz hakuyaona hayo. Alifariki dunia tarehe 4 Juni 1992 akiwa na umri wa miaka 82, siku mbili kabla ya kutimia miaka 53 tangu mechi ile ya kwanza.

Leo daraja linaloziunganisha Williamsport na South Williamsport lina jina lake. Upande mmoja kuna kiwanja alichobaki nacho, na upande wa pili uwanja alioupoteza. Vituo katika viwanja vyote viwili vimepangwa kwa umbali ule ule, futi 60, alioupata kwa kuyasogeza magazeti ardhini hadi mkono wa mtoto ulipoweza kuufikisha mpira.